Bolti ya Saba na Mshumaa wa Mama

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Kwa heshima zote, na nikiwa nimevua kofia, napenda kukutangazia wewe, pamoja na ukoo wote uliolala hapo nyuma ya migomba, kwamba leo saa nne asubuhi bolti ya saba ya trekta imetoka. Ina urefu wa kidole cha shahada. Hakuna aliyejeruhiwa isipokuwa dole gumba langu, nalo limezoea.

Najua ungeuliza, "Trekta lipi? Lile lile?" Lile lile, Mama. Liko pale pale liliposhushwa, kati ya banda la ng'ombe na mibuni. Kuku wamelikubali kuliko majirani.

Unakumbuka siku lilipofika? Shamba la serikali kule upande wa Sanya Juu lilikuwa limefungwa na vyuma vyake vinauzwa. Siku zile kila mtu alikuwa anageuka mfanyabiashara, hata mwalimu alikuwa anauza mitumba, nami nikaona nisibaki nyuma. Likapandishwa huku kwetu Kirua juu ya lori, likashushwa kwa magogo. Wewe ulitoka na kisu cha kumenyea ndizi mkononi, ukalizunguka mara moja kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari.

"Kanuti, hili litalima wapi? Litalima migomba?"

"Litalima Mabogini, Mama. Kwenye mpunga."

"Mabogini ni kule chini. Hili liko huku juu."

Nikasema kwanza injini ifunguliwe, mengine yatafuata. Ndipo tukakutana na zile bolti.

Nyingine zilitoka bila maneno. Saba ziligoma, zile zilizoshika silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini. Kutu ilikuwa imeziunganisha na chuma mpaka hujui bolti inaishia wapi na injini inaanzia wapi. Niliziloweka kwa mafuta ya taa, nikazigongagonga kwa nyundo asubuhi na jioni kama dozi ya hospitali. Wewe ulikaa kwenye kigoda chako ukimenya ndizi, na kila spana ilipolia kisu chako kilikuwa kinasimama kidogo. Mara moja ukaniuliza, "Mbona unaishikilia hiyo spana kama umeshika nyoka?" Nikacheka. Sikukuambia kwamba nilikuwa naogopa.

Sasa nikuambie nilichokuwa naogopa. Bolti inayolegea na bolti inayokatika huanza sawasawa. Unavuta, unavuta, chuma kimekaza kama mlima, halafu ghafla mkono unahisi kitu kimekubali. Kimekuwa laini. Hapo moyo unaruka kwa furaha, na hapo hapo unaganda, kwa sababu hujui kama imekubali kutoka au imekubali kufa. Utajua tu ukivuta tena. Nimeshinda siku nzima nimesimama hivyo, mikono kwenye spana, nikiogopa kuvuta tena.

Mzee mmoja aliyekuwa fundi kule shambani Sanya Juu ndiye aliyenifundisha habari ya nta. "Pasha bolti moto," alisema, "halafu igusishe nta. Nta inapenya pasipopenya mafuta." Nikanunua mshumaa dukani. Mishumaa hiyo mipya ilikuwa inayeyuka kama machozi ya mnafiki, inamwagika yote kabla ya kuingia popote. "Nta ya nyuki," mzee akasema. "Ile ya zamani."

Nta ya nyuki ya zamani ilikuwa moja tu hapa nyumbani, na ilikuwa sandukuni mwako, imefungwa kwenye khanga. Mshumaa wako uliobarikiwa kanisani, ulioutunza miaka yote hiyo kwa ajili ya saa yako ya mwisho. Tulipokuwa wadogo ulituonyesha mara moja, mimi na Dada Prisca, ukasema, "Huu si wa kuchezea. Huu utanimulikia njia." Prisca alilia. Mimi niliuliza kama njia ni ndefu.

Basi wewe ukaugua, Prisca akakuteremsha Moshi hospitali, nami nikabaki na ng'ombe, trekta na sanduku. Nilijiambia nitachukua kipande cha ukubwa wa kucha. Nikapasha nondo kwenye jiko la mkaa mpaka ikawa nyekundu, nikaikandamiza kichwani mwa bolti, nikagusisha nta. Ikanywa, Mama. Niliiona ikinywa kama mtoto. Nikavuta spana, ikatoka. Nikafurahi kiasi kwamba sikukumbuka kuogopa dhambi. Ya pili nayo ilihitaji kucha yake, na ya tatu, na ilipotoka ya sita mshumaa ulikuwa umebaki kama kidole kidogo, umejaa grisi na alama za vidole vyangu.

Ya saba ikakubali. Nikavuta tena. Ikakatika, kichwa mkononi mwangu, mwili ndani ya injini.

Bado nimekishika kichwa hicho, Prisca akatokea kutoka Moshi, viatu mkononi kwa ajili ya tope.

"We Kanuti. Mama anasema umpelekee mshumaa wake."

"Mshumaa gani?"

"Unajua mshumaa gani."

Sijawahi kuogopa vile, Mama. Niliogopa kwa sababu uliuomba, maana aliyeuomba ameshajua saa yake imefika. Na niliogopa kwa sababu mshumaa wenyewe ulikuwa umeingia kwenye bolti sita za trekta. Prisca akatangulia kurudi kwako; nami nilishuka mpaka lami kwa miguu, na njia nzima nilikuwa natunga uongo. Panya wamekula. Moshi mjini nilisimama mbele ya duka lenye mishumaa mirefu, mizuri, myeupe. Nikaona nikikupa wa uongo utaushika, utaniamini, halafu utakwenda gizani ukiwa na imani kwangu. Nikapita.

Nilikukuta umekaa kitandani. Ulikuwa umekunywa mtori wa ndizi, kikombe kizima. Uliipokea shikamoo yangu kwa sauti ya siku zote, ukauliza kama ng'ombe amekamuliwa. Prisca alikuwa anatabasamu.

"Si unaona? Mwili umekubali dawa."

Umekubali: neno lile lile la bolti. Nilitaka kumwambia asiseme hivyo. Wote mlifurahi, mimi nilisimama pale kama nimeshika spana.

Nikakupa kipande. Ulikigeuza, ukakinusa.

"Zimetoka ngapi?"

"Sita, Mama."

"Zilikuwa saba."

"Moja imekatika."

Nikasubiri laana, na ningeipokea. "Sita si haba," ukasema, ukakiweka chini ya mto. "Nenda, ng'ombe asilale na njaa."

Nikaenda. Kesho yake mchana ukaondoka. Prisca alikuwa nawe, mimi nilikuwa nakata majani ya ng'ombe.

Miaka saba sikuigusa ile bolti. Watu walidhani ni uvivu, na sikuwasahihisha, uvivu una heshima kuliko woga. Nilikwenda kuungama, padri akanipa sala tatu, nikaona amenielewa vibaya, nikasali thelathini. Mvua ikinyesha na wingu likishuka mpaka kwenye migomba, nilikuwa nakuwaza ukiwa njiani, kimwanga cha kidole kidogo kimeisha hata hujafika popote, unapapasa. Na sikumuuliza Prisca kilidumu muda gani. Tumekula Krismasi saba pamoja na sikumuuliza.

Juzi fundi wa kuchomelea akapita jirani kutengeneza geti. Nikamwita kabla sijabadili mawazo. Leo amechomelea nati juu ya kile kisiki, akaniachia spana, akasema, "Vuta mwenyewe, mzee, trekta ni lako." Ikakubali. Nikaganda. Akasema, "Vuta bwana, nina kazi nyingine." Nikavuta, nimefumba macho. Ikatoka nzima.

Nakuaga sasa, Mama. Lala salama hapo nyuma. Mimi bado ni mwoga, ila leo nimekuwa mwoga aliyeuliza. Prisca amepita mchana kuchukua maziwa, nikamwonyesha bolti, kisha nikamuuliza kile kipande kiliwaka muda gani.

"Kiwake wapi?" akasema. "Kwenye kitanda cha jirani kulikuwa na mtungi wa oksijeni. Wodi ile ilikuwa marufuku kuwasha hata kiberiti."

Mwanao,
Kanuti