Umri Wangu wa Kweli

Jumatano, 6 Machi 1957
Uji. Kufagia ua. Kuteka maji. Upepo umeleta tena vumbi jeupe la ziwani, tumefagia mara mbili. Zamu yangu ilikuwa vyoo.

Siku ya sita hapa rumande ya watoto. Tuko wavulana kumi na wawili, wote tunangoja kesi. Mimi ndiye mrefu kuliko wote. Aliyekuja jana alidhani mimi ni askari, akanisalimia kwa heshima.

Mwalimu Ezekieli, msimamizi wetu, amenipa daftari hili. Amesema niandike nipendavyo, yeye hatasoma. Nimemwamini.

Alhamisi, 7 Machi
Niandike nilichofanya, basi.

Ninafanya kazi kwa Bwana Gurdit, Kalasinga mwenye duka la kutengeneza baisikeli hapa mjini. Ijumaa ile jioni alikuja mtu kutoka Kariandusi, kwenye machimbo ya udongo mweupe. Mume wa dada yangu Rebeka anachimba huko. Akaniambia Rebeka amejifungua na hali yake ni mbaya. Bwana Gurdit alikuwa ndani anakunywa chai. Sikumwomba ruhusa. Nilichukua baisikeli ya mteja, iliyokuwa tayari imetengenezwa, nikaenda.

Nilimkuta hai. Nilikaa siku mbili, nikimtekea maji na kumpikia uji, mpaka akapata nafuu. Mtoto ni msichana. Wakati wa kurudi nilianguka kwenye changarawe, rimu ya mbele ikapinda. Nilikuwa naisukuma, karibu na Elmenteita, askari waliponikamata.

Sijuti kwenda. Najuta sikuomba.

Jumamosi, 9 Machi
Hili ndilo linaloninyima raha.

Kipande changu, cheti cha serikali cha kuombea kazi, kinasema nina miaka kumi na minane. Uongo. Nina kumi na mitano. Nilimdanganya karani, maana bila kipande ningepata wapi kazi? Urefu wangu ulinisaidia. Polisi nao wameandika kumi na minane.

Hakimu aliponiona mara ya kwanza aliangalia karatasi, akaniangalia usoni, akarudi kwa karatasi. Akaamuru nikae na watoto mpaka umri wangu ujulikane. Nirudi mahakamani tarehe 19.

Mtu mmoja kule seli ya polisi aliniambia hivi: mkubwa akiiba baisikeli anafungwa miezi mitatu, anatoka. Mtoto anachapwa viboko, halafu anapelekwa shule ya kurekebisha tabia, miaka mitatu. Kwa hiyo nimeshikilia uongo wangu. Mwalimu ameniuliza mara mbili. Mara mbili nimesema kumi na minane. Mara ya pili sikuweza kumtazama.

Jumapili, 10 Machi
Siku ya wageni.

Kitanda cha Njoroge kiko karibu na changu. Ana miaka kama kumi na mmoja. Alikamatwa sokoni, hana karatasi. Mama yake yuko kizuizini kwa mambo ya Emajensi, hii hali ya hatari. Baba hajulikani aliko. Kesi yake imetajwa mara tatu na kuahirishwa mara tatu, kwa sababu hakuna mtu wa kumchukua. Hata hivyo leo alinawa uso na kusimama kwenye ua wa waya tangu asubuhi.

Wageni walipoondoka aliniuliza, "Baba yako yuko?"
"Yuko. Elburgon, kwenye kiwanda cha mbao."
"Anajua uko hapa?"
Nikasema hajui. Aliniangalia kana kwamba nimemwaga chakula chini.

Nimeona aibu kubwa kuliko ya mahakamani.

Jumanne, 12 Machi
Nimesema.

Mwalimu alinichukua tukapasue kuni nyuma ya jiko. Tulipasua rundo zima. Kisha: "Haruni, mimi nina watoto sita nyumbani. Najua sauti ya mtoto. Una miaka mingapi?"

Nikamwambia yote. Kipande, karani, yule mtu wa seli na hesabu zake za miezi mitatu. Hakupiga kelele. Alikaa juu ya gogo.

"Jela utalala na watu wazima," akasema. "Ulilala nao siku nne kule polisi. Unataka miezi mitatu?"

Nililia. Sitaandika habari za zile siku nne.

Akanieleza kwamba si kila mtoto anapelekwa shule ile. Afisa wa probesheni anaweza kumwomba hakimu amrudishe mtoto nyumbani na awe anamwangalia, kama kuna nyumba. Na ule uongo wa kipande? "Huo tutausema wenyewe kabla hawajatuuliza."

Alisema tutausema. Sisi. Nimelala mchana leo, usingizi mzito, mpaka nikaamshwa kwa chakula.

Alhamisi, 14 Machi
Afisa wa probesheni amekuja. Kijana, suruali ya kaki, ana haraka. Aliuliza maswali mengi na kuandika kila jibu. Alitaka kujua kama nyumbani wananipenda.

Daktari naye amenitazama meno na kuniminya mifupa ya mkono. Anasema naweza kuwa na kumi na mitano, naweza kuwa na kumi na saba. Haitoshi. Inatakiwa kadi yangu ya ubatizo, na kadi iko kwa baba. Mwalimu ameandika barua, amempa dereva wa lori la mbao aipeleke Elburgon. Baba hajui kusoma. Atasomewa.

Sasa naogopa kitu kingine. Nilitoroka nyumbani Agosti. Baba alitaka nimalize shule, mimi nilitaka suruali ndefu na mji. Nilimwambia maneno mabaya. Tangu siku hiyo sijampelekea hata salamu. Akikaa kimya, atakuwa na haki.

Jumapili, 17 Machi
Leo tulisimama sote wawili kwenye waya, Njoroge na mimi. Hakuna aliyekuja.

Mke wa Mwalimu, Mama Damari, alitupikia viazi vitamu kutoka shamba lake. Alituita kwa majina. Alinipa kikubwa, akasema mtu mrefu ana tumbo refu. Mungu ambariki mama huyu. Lakini moyo wangu ni mzito. Siku mbili zimebaki.

Jumanne, 19 Machi
Nitaandika polepole.

Nilipoingizwa mahakamani nilimwona baba. Benchi la mwisho, koti lake la kanisani, unga wa mbao kwenye nywele. Barua ilimfikia Jumamosi. Jana alimwomba nyapara ruhusa, akanyimwa. Leo alfajiri akapanda lori la mbao, akaja hivyo hivyo.

Kadi alikuwa ameifunga ndani ya leso. Alimpa karani wa mahakama kwa mikono miwili. Hakimu akaisoma. Kumi na mitano.

Kisha Mwalimu akasimama, akasema habari za kipande, bila kuficha. Hakimu alikunja uso. Karani akatafsiri: kumdanganya karani wa serikali ni kosa. Niliona ile miezi mitatu ya jela inarudi.

Akaitwa Bwana Gurdit. Nilijua atanimaliza. Alimweleza hakimu kwamba mwenye baisikeli ameshaichukua, rimu imenyooshwa. Halafu akanigeukia mimi: "Kwa nini hapana ambia mimi dada yako mgonjwa? Mimi ningekupa ruhusa." Ndiyo yaliyoniumiza zaidi. Akamwambia hakimu hataki nifungwe.

Hakimu alisoma ripoti ya afisa wa probesheni muda mrefu. Uamuzi: nirudi nyumbani kwa baba, mwaka mmoja chini ya afisa. Kipande kimechukuliwa. Nimeonywa vikali. Hakuna viboko. Hakuna shule ile.

Nje nilianza kumwomba baba msamaha. Yeye aliniangalia juu mpaka chini.

"Umekonda," akasema.

Tulirudi kuchukua shati langu. Njoroge alikuwa anamenya viazi. Nilimwambia ninaenda. Akasema sawa, akaendelea kumenya. Nilimwomba Mwalimu asichoke na huyu. Akasema hajachoka.

Nilimshika Mwalimu mkono, nikasema asante. Nimeandika hapa ili isipotee: asante, Mwalimu Ezekieli.

Jumapili, 31 Machi
Elburgon. Mvua imeanza. Tumetoka kanisani tumelowa.

Nyapara alimkata baba posho ya siku ile. Sikuambiwa na baba, nimeambiwa na jirani. Kesho naanza tena shule, darasa moja na watoto wanaonifika kifuani. Sijali.

Nimepika ugali na mboga. Baba alikula kidogo, akalala kwenye kiti kabla sijaondoa sahani, buti bado miguuni. Nimemvua taratibu. Hakuamka. Nimemfunika blanketi, nikakaa karibu naye.