Matawi ya Mkaratusi Kwenye Njia ya Gari Lisilo na Dereva

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Songea. Jumatatu, 16 Juni 2025, saa 8:10 mchana.
Jina: Klementina Isidori Komba. Umri: miaka 16. Kazi: mwanafunzi, kidato cha tatu. Makazi: Mfaranyaki. Yupo na mama yake mzazi, Anjelika.

Mimi ndiye mwenye jina hilo hapo juu. Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Mama alinifuata njiani akitaka nirudi, ndiyo maana yupo.

Mnamo tarehe 9 Juni lilianza kupita kwetu gari jeupe la majaribio, la kampuni ya wageni. Asubuhi linakwenda Namtumbo, jioni linarudi. Kiti cha dereva kitupu, usukani unazunguka wenyewe. Kiti cha pembeni anakaa kaka mmoja, Emiliani, kazi yake kuliangalia tu. Ubavuni pameandikwa Kiingereza. Pale kwenye genge la Mama Zulfa waliniambia, "Wewe msomi, tusomee." Mimi huwa sisemi mbele za watu. Hata darasani, jibu ninalolijua nalimeza. Siku hiyo nilisoma, nikawatafsiria kwamba linajiendesha lenyewe. Wote walinyamaza wakinisikiliza. Nakiri nilipenda.

Mama Zulfa alisema, "Lina jini hilo, jamani, msilisogelee."

Mzee Aidani, fundi baiskeli, akasema, "Jini si neno. Likigonga mtu, tutamshika nani shati?"

Wakacheka.

Mnamo Jumamosi tarehe 14, saa 3:30 asubuhi, Swalehe, ambaye nasoma naye, aliniambia pale gengeni, "Limesoma Ulaya hilo, lakini matawi yetu litayajua?" Afande anafahamu, lori likiharibika huku kwetu dereva anakata matawi na kuyatandika barabarani. Anayekuja nyuma akiyaona anapunguza mwendo, anapita pembeni. Swalehe alisema tu. Aliyekata matawi ni mimi. Nilikata ya mkaratusi, nikayatandika kwenye lami baada ya kona iliyo karibu na genge. Hapakuwa na gari bovu. Nilitaka nirudi gengeni niwaambie nilichoona, wanyamaze tena.

Saa 3:50 gari lilitokea. Dereva wa huku kwetu angepita pembeni. Lenyewe lilisimama papo hapo. Nyuma yake alikuwa baba mdogo wangu, Beda, na bodaboda yake, amempakia Bi Mwanne na ndoo ya nyanya. Akalivaa gari kwa nyuma. Baba mdogo alivunjika mguu. Bi Mwanne alikaa chini katikati ya nyanya anauliza, "Nitazameni kichwani, hii damu au nyanya?" Zilikuwa nyanya, na damu kidogo.

Watu walijaa. "Jini limegonga!" Walimtoa Emiliani kwa kumvuta shati, vifungo vyote vikakatika. Alikuwa anasema, "Kulikuwa na matawi! Tazameni barabarani!" Wakatazama. Hayakuwepo. Wao walipokuwa wanakimbilia majeruhi, mimi niliyavuta nikayatupa mtaroni. Wakampiga makofi wakimwita mwongo, wakavunja vioo pamoja na kamera za juu ya gari. Mzee Aidani akasema, "Haya, wa kushika tumempata." Emiliani aliniangalia. Nikainama kuokota nyanya za Bi Mwanne. Polisi wakaja wakamchukua, na mpaka leo yupo mahabusu.

Jana baada ya Misa nilimwambia mama. Akasema, "Gari halina mama. Wewe unaye. Nyamaza." Nikamjibu, "Emiliani naye anaye." Sijawahi kumjibu mama hivyo tangu nizaliwe.

Afande ameniuliza kama kampuni imenifundisha cha kusema. Hapana. Hilo gari hata silipendi, na wakiitisha mkutano wa mtaa nitasema lisirudi mpaka lijifunze barabara zetu. Lakini halikumgonga mtu. Baba mdogo alilifuata karibu mno akilishangaa. Atanikasirikia, najua, na bado nasema. Matawi yapo mtaroni, yameanza kukauka. Naweza kuwapeleka sasa hivi. Mama amenifinya paja mara mbili nikieleza haya. Naomba na hilo liandikwe.

Mzee Aidani aliuliza tutamshika nani shati. Ni hili la shule nililovaa.

Sina jingine nililoficha. Nimesomewa yote niliyoyasema, ni ya kweli, na ninaweka sahihi bila kulazimishwa na mtu.

Sahihi: K. I. Komba

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Tadei, mbele ya mama wa shahidi. Mama ameomba habari ya kufinywa paja iondolewe. Shahidi amekataa, nimeiacha. Mimi niliandika kwamba matawi yaliwekwa "kwa utoto". Shahidi ameomba maneno hayo yafutwe. Nimeyafuta, naye amesaini pembeni. Saa 9:25 tunaondoka kwenda mtaroni. Emiliani ametolewa mahabusu, tunakwenda naye.