Chupa Zenye Unyevu

Mjukuu wangu Tusa, ugonile, umelala salama? Huku Ipyana tumevuna mpunga, na mwanangu mchanga, mama yako mdogo huyo, hanipi usingizi.

Unauliza kama uache chuo kwa kuwa chembe zako za dhahabu na fedha zinagandamana kwenye kitako cha chupa badala ya kuelea kwenye kimiminika. Nilipokuwa naosha vyombo vya maabara, za mwalimu mmoja ziligandamana vilevile. Nikamwambia, “Mwalimu, chupa zina unyevu. Kimiminika chako ni kama mawese yetu, hakipatani na maji.”

“Haya, Mama Mawese, zikaushe.”

Nilizikausha kwenye oveni, akaanza upya. Kesho yake kimiminika kiling'aa rangi ya chungwa, na mashine ya kupima mwanga ikachora kilima kimoja badala ya viwili, cha dhahabu na cha fedha: metali zimeungana ndani ya kila chembe, kama alivyotaka. Mwalimu alinipigia saluti.

Chuo huachi. Kausha chupa kwanza, ndipo ujilaumu.

Bibi yako mdogo, Atu