Karatasi ya Mlango wa Kanisa

Musonoi, 4 Februari 2024

Mwanangu Mushiya,

Nakusalimu kutoka kitandani. Watoto hawajambo? Na mgongo wako? Mimi kifua kimejaa maji, na daktari ameacha kunipa tarehe ya kurudi. Nimemwelewa. Miaka ishirini na sita nilikuwa direkta wa shule. Leo mjukuu wangu Naomie ananishika kiwiko ili nifike mlangoni.

Kabla sijaenda, nataka unikumbushe jambo. Ile karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa kanisa, mwaka mwanao Elisée alipougua, mlipokuwa bado majirani zetu hapa Musonoi. Tulisimama pale wawili, wewe ukiwa na beseni kichwani. Uliniuliza nini, nami nikakujibu nini?

Andika kwenye karatasi, herufi za simu sizioni tena. Kalonji anayefanya kazi kwenye treni atanifikishia.

Tata yako,
Mukalay

Tenke, 27 Februari 2024

Tata Direkta,

Jambo sana, na jambo kwa Naomie. Habari ya kifua imeniumiza roho. Batoto babili benye kubakia beko bazima. Mi pia, mugongo tu inasumbua.

Ile karatasi naikumbuka. Ilikuwa ya Kifaransa, na mi nasomaka Kiswahili tu. Nilikuuliza, «Tata, banaandika nini pale?» Ukasema ni majina ya bantu benye kutaka kuoana. Nikakuambia baniandike na mi, pengine nitapata bwana mwenye unga. Ulicheka kidogo.

Kisha ile, njo nikaenda mutoni kusafisha mawe ya madini. Elisée alikuwa amekwisha kuvimba maguu, nywele ikageuka rangi. Alikufa kisha siku kumi na moja. Ni weye uliandika jina lake ku musalaba, na mwandiko muzuri. Ile siisahau.

Juu ya nini unauliza leo, tata?

Mutoto wako,
Mushiya

Musonoi, 10 Machi 2024

Mwanangu Mushiya,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba umekaa.

Hayakuwa majina ya wachumba. Karatasi ilisema kwamba kila mama mwenye mtoto chini ya miaka mitano aende kwa masista, nyuma ya dispensari, apewe unga wa soya na mafuta kila wiki, bure. Majina yaandikwe kabla ya tarehe ishirini.

Paroko alinipa niitafsiri, kisha nizunguke avenyu zote za Musonoi na megafoni, kwa sababu akina mama wengi wako mtoni saa ya misa. Niliona haya. Direkta mzima nipite nikipiga kelele kama muuza sumu ya panya! Nikaiweka mezani. Mwishowe nikaibandika vilevile ilivyokuja, kwa Kifaransa, nikajiambia kwamba anayetaka atauliza.

Wewe uliuliza. Siku hiyo ilikuwa tarehe ishirini na moja. Kama ningekusomea, ungejua kwamba muda umepita na kwamba mimi ndiye niliyekaa nayo. Ndiyo sababu nikakuambia ni mambo ya ndoa.

Baada ya mazishi, Sista aliniambia walikuwa bado wanaandika majina. Waliendelea mwezi mzima, kwa kuwa mama waliofika walikuwa tisa tu, na magunia yalijaa hadi dirishani. Kutoka mlangoni kwako hadi kwa masista palikuwa mwendo wa dakika tano.

Kisha nikachukua brashi nikaandika jina la mtoto wako kwenye msalaba, ukanishukuru.

Tata yako,
Mukalay

Musonoi, 14 Aprili 2024

Mwanangu Mushiya,

Salamu kwako na kwa watoto. Kalonji anasema alikupa barua mkononi, ukaisoma ukiwa umesimama, ukaikunja, ukarudi kuuza mihogo.

Miguu yangu imevimba sasa. Nikibonyeza kidole, shimo linabaki. Naijua alama hiyo, niliiona kwa mtoto wako nikanyamaza. Sikuandikii hili ili unihurumie. Sina mwingine wa kumwambia.

Ukitaka kunitukana, nitukane kwa herufi kubwa nipate kusoma.

Mukalay

Tenke, 2 Mei 2024

Tata Mukalay,

Salamu imenishinda kuandika. Nilijaribu mara tatu.

Natuma ndani hii karatasi. Ilibandikwa hapa ku ofisi ya cité, ofisi ya muji yetu. Ni Kifaransa tena. Bantu benye kujua kusoma beko, mumoja anasema ni unga, mwingine anasema ni kodi. Mi siamini tena kinywa ya muntu. Nataka uandike kwa mukono yako, Kiswahili, yote, hata tarehe. Bamama makumi mbili bananingojea.

Jambo ingine usiniandikie.

Mushiya

Musonoi, 19 Mei 2024

Mushiya,

Naandika mwenyewe. Mistari imepinda, lakini Naomie amesoma, anasema inaeleweka.

«Akina mama wenye watoto chini ya miaka mitano, na wenye mimba, waje kwenye ghala la parokia, karibu na stesheni, Jumatano na Ijumaa asubuhi. Watapewa unga wa uji, maharage na mafuta. Hawatalipa kitu. Waje na karatasi ya kupima mtoto. Asiye nayo atapimwa palepale. Majina yataandikwa hadi tarehe 15 Mei.»

Umeniambia niandike hata tarehe. Treni ilikwama njiani siku nyingi, na Kalonji amenipa bahasha yako jana, tarehe 18. Muda umepita tena, na mimi siwezi hata kushuka kitandani.

Waende hata hivyo. Ijumaa wawe mlangoni wote ishirini, na watoto wao. Wakiambiwa wamechelewa, wasiondoke. Safari ile waliendelea kuandika mwezi mzima.

Wasomee kwa sauti kubwa.

Mukalay