Jina Langu Pembeni mwa Utando

Alhamisi, jioni

Kwa nini niliandika jina langu pembeni mwa ule utando?

Jumatatu umeme ulikatika kiwandani kwetu tukiwa tumepaka rojo la plastiki nusu tu ya kitambaa cha utando, ule wa kutenganisha hidrojeni na oksijeni ndani ya mashini ya Naviundu. Uliporudi, rojo lilikuwa limeanza kukauka. Utando ulipotoka kwenye maji ya kuugandisha niliuinua dirishani, nikaona mwanga unapenya, mahali padogo kama ncha ya sindano.

"Shefu, hii hapana. Gesi mbili zitakutana, mashini italipuka."

"Mama Béa, iko katundu kamoja tu. Andika jina yako. Bantu ba Naviundu banangojea."

Nikaandika, maana yake nimeupima na ni mzima. Nilikuwa nimechoka, na yeye hapendi mtu wa kubishana.

Leo mdogo wangu Théo, fundi wa kule Naviundu, amerudi kutoka kazini anacheka. "Yaya, niliona jina yako pa utando! Nikaambia bantu: huyu ni yaya yangu, musipime. Tukaufunga tu. Kesho asubuhi njo tutawasha."

Atakayewasha ni yeye.

Sasa ananawa mikono nje, sahani ya bukari iko mezani. Akiingia tu nitamwambia.

Ameingia. Bado naandika.