Sahani za Kyungu na Kabange

Mama,

Naandika nimesimama. Karatasi iko kwenye kizingiti cha dirisha la jikoni, maharage yanachemka nyuma yangu, na kila nikimaliza mstari nachungulia uani kuona kama Kabange bado yupo pale nilipomwacha. Usinicheke. Ni wewe uliyewaambia majirani, "Huyu mutoto wangu wa kwanza hajue kukaa, iko na moto ku makalio." Tangu ulipotuacha nimezidi.

Nina neno la kukuambia, na afadhali ulisikie kwangu kuliko kwa Nkambo, maana mama yako siku hizi akisali ananishtaki kwako tu. Nimevunja sheria yako. Mapacha wako hawali sawa tena katika nyumba hii.

Ngoja, usikasirike kwanza.

Najua ulivyotaka. "Kile unapatia Kyungu, patia na Kabange. Mapasa habana mukubwa, habana mudogo." Ukiwaogesha, maji ya beseni moja. Ukikata kitenge, vipande viwili sawasawa. Jirani alipoleta gauni moja zuri la kitoto ulilirudisha, nami nikanuna kwa sababu lilikuwa na utepe wa bluu. Uliniambia pacha akionewa hukasirika, akarudi alikotoka. Sikuuliza ni wapi, niliogopa jibu.

Kisha aliyeondoka ukawa wewe. Homa ilikuchukua mvua zilipoanza, watoto hata kutambaa bado. Shangazi alikuja matangani kutoka Mulungwishi na kichanga chake kifuani, akasema maziwa yake yatamtosha mtoto mmoja zaidi, wawili hapana. Nkambo aligaagaa chini akilia wasitenganishwe. Lakini tungefanya nini? Kyungu akafungwa mgongoni kwa Shangazi, Kabange akabaki mgongoni kwangu, tukakubaliana kwamba baada ya muda mfupi watabadilishana.

Muda mfupi! Vita vya Katanga vikafunga barabara. Askari hapa, askari pale, treni leo inakuja, kesho haiji. Maziwa ya kopo yakapotea sokoni, ndagala, hata wale samaki wadogo kabisa, wakapotea, karanga zikabaki za kusimuliwa. Baba aliendelea na kazi yake ya kiwandani Shituru, akarudi na unga, tukamshukuru Mungu. Asubuhi nilimpa Kabange uji wa unga, jioni unga uleule nikausonga bukari, na mchuzi wa sombe, majani ya muhogo matupu. Alishiba, Mama. Tumbo lilikuwa gumu kwa shibe.

Akawa mtulivu. Nikimweka kwenye mkeka, nikirudi namkuta palepale. Wanawake wa bombani walimsifu: "Mutoto wa heshima huyu! Halie, hasumbue muntu." Mashavu yakajaa, miguu ikajaa, wakasema, "Ona, iko ananenepa, na hii vita yote!" Nami nikajivuna. Nilizunguka njia ndefu kutoka bombani ili watu wengi zaidi wamwone. Hakuna hata mmoja wetu, si mimi, si Nkambo, si hao wanawake waliozaa watoto wengi, aliyejiuliza kwa nini mtoto mdogo hasumbui. Nikiikumbuka njia ile natamani kuupiga ukuta ngumi.

Nimechungulia. Amekaa, ameshika kifuniko cha sufuria. Haya.

Barabara ilipofunguka kidogo, mwaka na zaidi umeshapita, Shangazi akaja na Kyungu. Mama, ungemwona! Alishushwa mgongoni akakimbia. Alimfukuza kuku wa jirani, akavuta ndevu za Baba, akauliza "Hii nini?" kwa kila kitu, hata kwa bendera ya Katanga kwenye kopo la Nkambo la ugoro. Kabange alikuwa kwenye mkeka. Hakumtazama kuku, hakumtazama dada yake. Alitazama tu. Sura ni ileile uliyoizaa mara mbili, lakini mmoja nywele zake nyeusi zimejikunja, na mwingine zimekuwa nyembamba na nyekundu kama ndevu za mahindi. Shangazi alichuchumaa, akabonyeza mguu wa Kabange kwa kidole gumba. Kishimo kikabaki pale, hakikurudi.

Nilimbeba hadi zahanati mbio mbio, mchana wa jua kali, kandambili moja ikabaki njiani. Muuguzi ni mama mmoja mkali, haombi radhi kwa maneno yake. "Huyu hanenepe, iko anavimba," aliniambia. "Tumbo munaijaza bukari, lakini mwili haipate kitu ya kujengea. Samaki, maharage, mayai, maziwa, bile njo binajenga muntu." Nikauliza, basi mbona hachezi, mbona hata neno moja hasemi? Akaweka kiganja juu ya kichwa cha Kabange. "Na humu pia banajenga. Tena mbio, mu hii miaka ya kwanza. Kitu ikikosa, kazi inasimama."

Nikamuuliza kama kazi hiyo itaanza tena.

Alimrudisha Kabange mgongoni kwangu. "Ingine itaanza. Ingine, mwanangu, sijue. Umupatie kula ya kujenga, kupita dada yake. Na umusemeshe, umuchezeshe, usimuache kukaa kama mufuko ya unga."

Ingine sijue. Ni neno hilo, Mama, linalonikosesha kitako. Nikipepeta unga nalisikia. Nikifua nalisikia. Najiuliza ni kitu gani ambacho hakikujengwa, ni neno gani, ni wimbo gani, na kama ataweza kuhesabu, na kama siku moja atanijua kuwa mimi ni yaya wake, dada yake mkubwa, au ni mgongo tu.

Nyumbani nikamkuta Nkambo mlangoni. Kumpa mmoja zaidi? "Unataka Kyungu akufe? Mama yake iko anakuona!" Basi nikatii; Kyungu naye sasa alibaki kwetu. Yai likipatikana, nusu kwa nusu. Samaki, nusu kwa nusu, mkia nao nusu kwa nusu. Unajua kilichotokea? Kyungu alimeza nusu yake kwa pupa, akanyoosha mkono, akachukua na nusu ya Kabange. Na Kabange alimwachia. Hakuvuta, hakununa, hakutazama hata kilikokwenda. Nilitumikia sheria yako kwa haki kabisa, Mama, na kila siku kilichokuwa sawa kilikuwa sahani, si watoto.

Nikaivunja. Nikaanza kumlisha Kabange peke yake nyuma ya choo, mimi binti mzima, kama mwizi. Yai zima. Ndagala waliosagwa na karanga, Shangazi aliwaleta wachache kwenye kitambaa. Nikimlisha namsemesha: hii mkono, hii pua, hii Yaya, hii chumvi. Nkambo akanifumania. Alipiga kelele mtaa mzima ukasikia. Nami nikamjibu vibaya, ndiyo, nikamwambia marehemu hakuwaona watoto wake wakifika hapa. Tukalia wote wawili, kila mmoja pembeni yake, na kwa siku kadhaa hakunisalimu. Lakini niliacha kujificha. Sahani ya Kabange ikajaa hadharani.

Uvimbe ukaanza kushuka, na uso mdogo ukatokea, umekonda mno, nikaogopa upya. Macho yalianza kufuata kijiko. Ni hayo tu. Nikasema labda ndiyo mwisho wake, labda hapa ndipo kazi iliposimama kabisa.

Sasa nisikilize, ndiyo maana naandika leo na maharage yanaungua. Asubuhi hii niliwaweka wote mkekani. Kyungu akamaliza chake kama kawaida, akanyoosha mkono kwenye samaki wa Kabange. Na Kabange akamwuma. Akamwuma kwa nguvu, Mama! Akaikumbatia sahani kifuani, mchuzi ukamwagikia tumboni, akafungua kinywa akapiga ukelele, "Yangu!" Neno lake la kwanza. Si mama, si baba. Yangu! Kisha akaanza kulia, kilio cha hasira, kilio kirefu chenye kamasi, na Kyungu naye analia ameshika kidole chake.

Nkambo akatoka mbio bila kilemba, akidhani kuna aliyekufa. Alitutazama: mmoja analia, wa pili analia, na mimi katikati nacheka na machozi yananitoka. Akakaa chini palepale penye mchuzi. Akawasikiliza wote wawili, muda mrefu, kama mtu anayesikiliza redio. Akasema, "Eh. Sasa njo mapasa."

Jioni hii Nkambo amemwekea Kabange samaki wa fungu lake mwenyewe. Kyungu hakupewa.

Pumzika, Mama. Nakuahidi sahani zao hazitakuwa sawa mpaka wao wawe sawa. Na kama ile "ingine" haitarudi, Kabange atakaa benchi moja na Kyungu shuleni, na atakayemwita mjinga atanijua mimi ni binti wa nani.

Naacha hapa. Wananiita, wote wawili kwa pamoja.

Mwanao asiyejua kukaa