Idhini ya Batuli

Kibokoni, Mombasa

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje na baridi ya huko Wundanyi? Mimi mzima, ila joto la huku, ambalo nimeshaacha kugombana nalo. Uliuliza kama kazi ya kutengeneza redio inanifaa au nimepotelea mjini. Mama, ngoja nikusimulie, maana tangu Ijumaa natembea nimeduwaa.

Wamkumbuka Mzee Athmani, mwenye nyumba wangu? Masikio yake yamekufa. Ukitaka akusikie, umpigie kelele sikioni mpaka mtaa mzima ujue siri yako. Basi binti yake wa pekee, Batuli, akaposwa. Kwa Waislamu wa huku, bibi harusi huulizwa kwanza, atoe idhini kwa kinywa chake, ndipo baba amuoze. Naye huwa ndani na wanawake, nyuma ya pazia, hujibu kwa sauti ndogo, kwa haya. Bibi harusi kupiga kelele? Aibu hiyo haijaonekana Kibokoni.

Mdogo wake mzee akamwambia, "Kaka, niachie mimi nimuoze. Ntamsikiza kwa niaba yako."

"Wallahi mwanangu simuozi mpaka nimsikie kwa sikio langu," mzee akajibu. Siku ikakaribia, upande wa bwana harusi ukaanza kununa.

Hapo kiherehere changu kikaniponza nikasema nitamsikilizisha.

Kuna kidude cheusi cha miguu minane, kidogo kuliko punje ya hindi, mafundi hukiita opampu. Ukikipa sauti nyonge, chakurudishia nene, na rezista mbili tu ndizo zinazoamua inenepe kiasi gani. Nikang'oa maikrofoni kwenye redio kaseti mbovu, nikalehemu, nikatia betri. Ikatoka sauti iliyokatika nusu, kama mtu aliyekabwa koo. Nikakuna kichwa siku nzima. Kumbe opampu yataka kusimama katikati ya nguvu ya betri, ipate nafasi ya kupanda na kushuka. Nikaongeza rezista mbili zilizo sawa kuigawa ile nguvu, nikavaa spika za masikioni, na mama, nikasikia chungu akitembea juu ya gazeti! Nilivua, nikamtazama yule chungu kwa macho, nikavaa tena. Nikaogopa kidogo.

Ijumaa nikaketi ukumbini na Mzee Athmani, kadhi na mashahidi. Nikapitisha waya chini ya pazia, nimpe maikrofoni Bi Rukia, somo wa bibi harusi, yule anayemfunda. Kwa pupa nikasahau spika za masikioni pale pale kando ya maikrofoni. Vitu hivyo viwili vikisogeleana hupiga mluzi. Zikapiga, fiiiii! Bibi mmoja aliyekaa karibu na pazia akadhani ni kigelegele, kwamba idhini imeshatoka. Akaitikia. Wakaitikia wote! Barazani nje wanaume wakaanza kupeana mikono, na Batuli hajasema neno.

"Nyamazeni, nyinyi!" Bi Rukia akafoka. Mimi jasho lanitoka.

Nikazivuta spika upesi, nikamvika mzee. Bi Rukia akasema, "Haya mwana, babako akusikiza."

Sisi wengine hatukusikia kitu. Mzee akafumba macho.

"Ana sauti ya mamake," akasema.

Mkewe alifariki Batuli akiwa mtoto wa chuo cha Kurani, na masikio ya mzee yakaziba kabla sauti ya binti haijakomaa. Hakuwa ameijua. "Sema tena, mwanangu," akaomba. Batuli akasema tena. Alipoomba mara ya tatu kadhi akakohoa, na mzee akamuoza binti yake huku machozi yakimtiririka ndevuni. Spika hakuzivua hata jioni.

Mama, ile pumzi na ile haya vilipita katika waya mwembamba na kidude nilicholehemu kwa mikono hii unayoijua, sauti ikatoka kubwa, na bado ni yake. Mpaka sasa siamini.

Msalimie baba, na shemeji wa kazi ya mbao. Mwambie Dada Mghoi asante kwa kukuandikia barua zako, lakini mimi nikizisoma namsikia yeye. Mwombeni mjomba redio kaseti yake, nakuletea kwa posta kaseti tupu ya kurekodia. Usitafute maneno ya maana, mama. Sema tu yale unayouambia moto asubuhi, kuni zikiwa mbichi.

Mwanao,
Mwadime